Tangazo la malipo likae mlangoni

Mama lishe na wauza samaki wa hapa Tanga, mkikataa kutumiwa pesa kwenye namba binafsi nawaelewa kabisa. Ukienda kuitoa kwa wakala unakatwa ada, na chapati haina faida ya kubeba makato. Lakini tangazo la "Taslimu au Lipa Namba tu", yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, liwe mlangoni, kwa herufi kubwa. Kumwambia mteja akishakula ni kumdhalilisha. Chini ya namba hiyo andika jina linalotokea kwenye simu ya mteja anapolipa, alihakikishe kabla ya kuweka namba ya siri. Meseji anayokuonyesha usiiamini, hughushiwa. Angalia salio lako mwenyewe. Na mtandao hugoma, kwa hiyo chenji iwepo tangu asubuhi: sarafu za 200 na 500, noti za 1,000.