Nilivyolipaka rangi trekta la baba mdogo, Igombe

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135 la miaka ya 1960, lililotoka kiwandani Coventry, Uingereza, likaja kulima pamba Magu mpaka likachoka. Baba mdogo aliponiachia alisema, "Injini bado inapiga, sura ndiyo imekwisha." Ni kweli. Ile Perkins ya silinda tatu iliwaka siku ya pili tu, baada ya kusafisha nozeli na kubadili filta za dizeli. Kilichonitoa jasho miezi miwili ni rangi.

Wiki mbili za kwanza nilikwangua tu. Grisi na vumbi vilikuwa vimegandana chini ya injini kama lami. Nilivipaka dizeli jioni, asubuhi nikakwangua kwa bisibisi bapa, kisha maji ya moto na sabuni ya unga. Boneti na madigadi nilivifungua kabisa. Anayepaka bila kufungua huacha kutu kwenye maungio. Kuna mtu aliwahi kulipaka bluu, nadhani rangi iliyobaki kwenye geti lake, lakini karibu na tundu la boliti nilikuta nyekundu ya asili, kipande kama ukucha. Ndicho nilichokwenda nacho dukani kuchanganyiwa rangi.

Nilichagua Julai kwa sababu hakuna mvua na jua halichomi sana. Nikajiona nimepiga hesabu vizuri. Siku ya kwanza niliamka saa kumi na mbili, upepo haujaanza, nikapuliza boneti lote. Kufika saa nne lilikuwa na weupe mtupu, kama kioo kilichohemewa. Fundi wangu wa Mabatini alipofika aliuliza swali moja tu: "Ulilishika bati kwanza?" Sikulishika. Usiku bati hupoa kuliko hewa, na unyevu wa Ziwa Victoria, hapa jirani, hutua juu yake hata kama huuoni. Nikarudi kwenye msasa.

Mara ya pili nikaamua kupaka jioni, upepo ukishatulia. Giza likaingia sijamaliza madigadi, nikawasha balbu. Wakaja wale wadudu wa ziwani, wale ambao kwa mbali huonekana kama moshi unaopanda juu ya maji. Ndani ya dakika chache digadi la kushoto lilikuwa limeota manyoya. Kuwatoa ni kuharibu rangi, kuwaacha ni kuwapaka pamoja na trekta. Jirani yangu mvuvi wa dagaa alipita na karai lake, akacheka mpaka akaliweka chini. "Kaka, hizi ni siku za giza. Sisi tunaingia ziwani, wao wanatoka. Ngoja mbalamwezi."

Nikangoja. Ratiba iliyonifaa hatimaye ni hii: sianzi kabla ya saa tatu, na naanza kwa kuweka kiganja kwenye bati. Likiwa na baridi, nakunywa chai kwanza. Namwaga maji chini kuzunguka trekta ili vumbi lisinyanyuke. Praima nyekundu, yaani rangi ya kutangulia, nilikuwa nimeshaipaka na kuisugua kwa msasa namba 400 wa maji, kwa hiyo kazi ya asubuhi ni rangi tu: tabaka jembamba la kwanza ambalo bado linaonyesha praima (hapa ndipo mkono huwasha, unatamani kulijaza), napumzika kama robo saa, la pili, halafu la tatu. Upepo wa ziwani ukianza kutikisa migomba, kwetu ni kama saa tano hivi, naacha hata kama kikombe cha bunduki ya kupulizia bado kina rangi. Asubuhi moja boneti, nyingine digadi moja. Injini na gia boksi vikapata kijivu, kwa brashi, maana hapo hakuna anayechungulia.

Baba mdogo alikuja Jumapili na viatu vyake vya kanisani, akalizunguka mara mbili. "Sasa mwanangu, hili ni la kulimia au la harusi?" Akaomba ufunguo hata hivyo, akalipeleka mpaka barabarani na kurudi, na sasa digadi lina mchubuko wake wa kwanza.

Imebaki grili. Jana usiku ziwa lilijaa taa za wavuvi wa dagaa, kwa hiyo iko ndani, imefunikwa gunia.