Mkanda wa Tende kwenye kamba ya nguo

Juzi Alhamisi, barazani kwa mama hapa Shela, Malindi, binamu yangu aliniuliza mbele ya watu: "Ni kweli ulilipa laki nzima kumzika mbwa?" Watu wakacheka. Nilikuwa na kikombe cha kahawa mkononi, nikakiweka chini, nikaingia ndani. Sikutaka kumjibu na hasira zile. Namjibu leo.

Sikumzika. Zilikuwa euro 780: vipimo vya damu, dripu za siku nne, sindano ya mwisho, na kuchomwa kwa mwili, maana mimi kule Italia nakaa ghorofa ya nne, sina pa kuchimba. Igeuze mwenyewe kwa shilingi. Na kabla hujaniambia ingekuwa karo ya nani, karo nimelipa. Mabati ya nyumba hii nimeezeka mimi. Dawa za jongo za ami natuma kila mwezi, na sijaruka hata mmoja. Zile nilizomlipia Tende, mbwa wangu, nilizikusanya kwa kupiga pasi nguo za watu Alhamisi alasiri na Jumapili, siku ambazo sisi walezi wa wazee kule tunapewa kupumzika.

Tende alikuwa jike, rangi ya tende iliyoiva, ncha ya sikio moja imekatika. Alizaliwa mitaani Puglia, kusini mwa Italia, akakulia kwenye makazi ya mbwa waliotupwa. Kule iko sheria ya mwaka 1991 inayokataza kuua mbwa kwa sababu tu hana mwenyewe. Nyinyi mnajua hapa kwetu mbwa koko wakizidi hufanywa nini. Basi kule hukusanywa, makazi ya kusini yanafurika, na watu wa kujitolea huwapakia kwenye magari usiku kucha kuwapeleka kaskazini kwa waliokubali kuwachukua. Nilimpokea Novemba 2019, saa kumi na moja alfajiri, kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara kuu nje ya Torino.

Aliyemtaka ni bibi niliyekuwa namlea. Mimi sikumtaka. Nimelelewa nyumba ambayo mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilisimama pale nimevaa glavu za mpira. Akashuka akitetemeka, akazunguka mara moja, akakaa juu ya kiatu changu. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Pale alipokaa pakaingia joto.

Machi 2020 nchi ikafungwa. Kutoka nje ulihitaji sababu, na sababu uiandike kwenye karatasi. Kumtembeza mbwa karibu na nyumba ilikuwa sababu. Bibi alifariki Aprili, hospitalini, bila mimi kuruhusiwa kumwona. Watoto wake wakanipa hadi Juni nihame, na mbwa wakasema arudishwe alikotoka. Nikasema harudi.

Hapa nawaambia nyinyi mnaonipigia simu kuulizia njia ya kwenda Italia. Kazi ya kulea wazee ipo, na Kitaliano mlichookota kwa Wataliano wa hapa Malindi kitawasaidia. Lakini unalala kwa mwajiri. Mzee akifa, kazi na kitanda vimeondoka pamoja. Usikubali kuanza bila mkataba ulioandikishwa, na weka kodi ya miezi mitatu mahali ambapo hata mama yako hapajui. Na ujiandae kwa ukimya. Mimi nimelelewa mtaa ambao huwezi kwenda dukani kununua chumvi bila kusalimiwa na watu kumi. Kule nilipanda ngazi zile zile miaka na hakuna aliyejua jina langu. Nilipoanza kushuka na Tende saa moja asubuhi na saa mbili usiku, watu wakaanza kusimama. Waliuliza jina lake kwanza, halafu langu. Leo nikiugua kule, yuko jirani wa kunigongea mlango. Huyo nilipewa na Tende.

Mwaka jana kucha zikaanza kumrefuka kupita kiasi, manyoya yakapukutika kuzunguka macho, ngozi ikatoka mba. Kliniki ya kwanza ikasema uzee, ikaniuzia vitamini, haikumtoa hata tone la damu. Miezi sita ikapotea hivyo, na hiyo ndiyo inayoniuma kuliko pesa. Siku alipotoka damu puani nikampeleka kwa daktari mwingine, akampima damu: leishmania. Huenezwa na usubi, ni jamaa ya kala-azar tunayoisikia Baringo na Turkana. Aliambukizwa kusini angali mdogo, ikamlalia mwilini miaka yote ile. Ilipoamka ilikwenda kwenye figo.

Akaandikiwa allopurinol. Nilipoliona lile jina nilikaa kitako. Ni vidonge vya ami, vile vile vya jongo. Asubuhi nampa Tende chake ndani ya kipande cha jibini, jioni natuma pesa za vya ami. Alikuwa na kilo 18, akafika 12. Juni hii akaacha kula, kisha akaacha maji. Pale kliniki, kabla ya sindano, akajikokota akaja kunikalia kiatuni. Mfupa wa nyonga ulikuwa unanichoma.

Mama miaka yote akisikia kubweka kwenye simu alisema, "Mtoe huyo kwanza, tuzungumze." Kwa hiyo mkanda wa shingo wa Tende niliusafirisha nimeufunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki, chini kabisa ya sanduku. Alhamisi ile, nikiwa nimelala kifudifudi, mama aliingia nao mkononi, ungali ndani ya mfuko.

"Huu ndio wake?"

"Ndio, mama."

"Alikufa peke yake?"

"Hapana. Nilikuwa naye."

Akatoka. Nikasikia kopo likigonga ukingo wa mfereji, nikaenda dirishani. Mama alikuwa amechuchumaa chini ya mlangilangi, anachimba udongo kwa kijiko. Akaukoroga na maji, akausugua mkanda pande zote, hata ndani ya bizimu kwa ncha ya kidole. Akausuuza, akamwaga, akateka mengine, anahesabu kwa sauti. Magoti yale yana maumivu, lakini hakuinuka mpaka alipofika saba.

"Sasa umetwahirika," akaniambia bila kugeuka. "Ukikauka utautia kabatini mwangu, kwenye nguo zangu za Idi."

Ameuanika katikati ya kanga yake na kanzu ya ami. Asubuhi hii kusi linavuma, nimekwenda kuugusa. Ngozi imekauka. Chini ya bizimu bado pana unyevu.