Usiku niliochezesha mechi ya kepteni wetu

Hii ni ya Julai 2013, Nairobi, baridi ile ya kuingia mpaka kwenye mifupa, na mimi mtoto wa Mombasa nina miaka miwili tu huku bara na sijaizoea hata kidogo. Tulikuwa na mechi ya ligi ya skwoshi, daraja la tatu, yaani ligi ya watu wa kazi na vitambi vyao, ugenini kwenye klabu moja ya wakubwa ambayo siitaji jina maana kuna watu pale bado tunasalimiana. Timu ni watu watatu. Namba tatu kijana mmoja wa benki, namba mbili mimi, namba moja kepteni, mzee wa miaka 58 mwenye bandeji magoti yote mawili, na nikisema namba moja msidhani alikuwa anakimbia, yeye hakimbii, anakukimbiza wewe.

Jam ya Waiyaki Way ikatuchelewesha, halafu kufika tu kijana wa benki akasimamishwa mlangoni mwa korti. Raba zake soli nyeusi. Mtunza korti akamwambia ainue mguu, akakagua soli kama mtu anayenunua punda, akasema hapana, mbao zimepigwa msasa juzi hapa huingii. Ikabidi aazime viatu kwa jamaa wa timu ileile tunayocheza nayo, vidogo saizi mbili nzima, akacheza vidole vimekunjwa na akashinda 3-0, nadhani alitaka tu iishe avue.

Mimi nikapigwa 3-1. Sina hadithi ndefu hapo. Mpira wa skwoshi ule wa vidoti viwili vya njano ukiwa baridi ni kama unapiga nyanya, hauruki, mnaupasha kwanza kwa kuugonga ukutani kama dakika 5, lakini ukishapata moto hapa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa nyepesi, unakuwa na wazimu. Mi nimefunzwa kupiga lobu, mpira unapanda polepole unaenda kufia kona ya nyuma. Nairobi haufi. Unagonga ukuta wa nyuma unarudi katikati kumsubiri mtu auchape, na jamaa aliuchapa kweli. (Mombasa nako kuna lake, siku za unyevu kuta zinatoa jasho, mpira unateleza kama sabuni, lakini hiyo nimekua nayo.)

Aliyenifunza ni babangu. Alikuwa maka kwenye klabu moja ya Mombasa miaka mingi, na kwa msiojua, maka ndiye mtu wa korti, anafagia, anafunga nyuzi za raketi, anacheza na memba aliyekosa mwenzake, na siku za mechi anakaa juu anahesabu pointi. Nikiwa mdogo nilikuwa nakaa naye kule juu namsikia, "saba tano, hendauti", yaani seva inahamia kwa mwenzake, enzi zile za kwenda 9 na pointi anapata anayeseva peke yake. Kule chini walikuwa mawakili na mabosi wa makampuni wanaomuita kama mtoto, lakini akishakaa kwenye kile kiti, akisema mpira umegusa bati, ule ukanda wa chini ya ukuta wa mbele usiotakiwa kuguswa, basi umegusa bati. Siku moja mkubwa wake mwenyewe wa kazi alimuangalia kutoka kule chini akamuuliza mara mbili kama ana hakika. Baba akarudia hesabu tu, sauti ileile. Baba huyohuyo ndiye aliyekuwa akinihadithia Jahangir Khan wa Pakistani, zaidi ya miaka 5 bila kufungwa na mtu, mpaka Ross Norman wa New Zealand alipomfunga kule Toulouse mwaka 1986, na akifika hapo anatikisa kichwa kama mtu aliyekuwepo.

Sasa. Tuko 1-1, imebaki ya kepteni. Ligi zetu hazina refa wa kulipwa, desturi ni kwamba waliomaliza kucheza ndio wanachezesha inayofuata, mmoja anahesabu mwingine anaamua. Jamaa aliyenipiga akaenda kuoga na hakurudi, nadhani alipitia baa. Nikabaki peke yangu kule juu, jasho limenikaukia mgongoni, natetemeka, na kadi ya pointi mkononi.

Kepteni akafungwa gemu mbili za kwanza na mtu mwenye nusu ya umri wake. Akapata ya tatu kwa dropu tupu, mpira unagusa ukuta wa mbele kidogo tu juu ya bati na kulala. Ya nne akapata sijui vipi. Ya tano ikafika 10-9, yule kijana yuko mbele, pointi moja tumekwisha. Watu wamejaa roshani. Rali ikawa ndefu, kepteni akapiga mpira mbaya, mbaya kabisa, ukarudi ukamuangukia yeye mwenyewe katikati na magoti yale hayakuweza kumtoa pale. Kijana yuko nyuma yake, raketi juu, ukuta wote wa mbele ni wake isipokuwa kwamba kuna mgongo wa mzee wa watu. Akasimamisha mkono. Wengine wangepiga, wallahi, na kitabu cha sheria kingewaunga mkono. Akageuka akaniangalia, akasema kwa adabu, "Leti, tafadhali." Ndivyo anavyoombwa refa aamue, iwe mpira urudiwe au pointi itolewe.

Ile ni stroki. Hata mtoto wa miaka kumi anajua ni stroki, pointi yake, mechi yake, twendeni tukale. Mi najua tangu nikiwa na hiyo miaka kumi.

Nikasema, "Leti. Rudieni."

Hakubisha. Kidogo tu akainua nyusi, akaokota mpira, akaseva. Kepteni akachukua hiyo, 10-10, akachukua inayofuata, akamaliza 12-10. Wakapeana mikono. Kijana akaniangalia tena kule juu akasema, "Asante refa," maana ndivyo inavyosemwa.

Tukala kuku na chipsi za wenyeji, nilikula kidogo. Kepteni ndiye aliyekuwa akinipa lifti, na njia nzima alikuwa anaongea habari ya kiatu cha kijana wa benki, anacheka peke yake, mpaka tulipokaribia stegi yangu akapunguza redio.

"Ile ya 10-9," akasema.

"Naam Mzee."

"Ungekuwa wewe uko nyuma yangu ungetaka upewe nini?"

Nikaanza kusema kitu kuhusu mwanga na pale nilipokuwa nimekaa. Akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Alhamisi tuko nyumbani. Usichelewe," nikashuka.

Jumapili nikampigia baba kama kawaida. Shikamoo, marahaba, akaniuliza ligi. Nikamhadithia yote, viatu, dropu za mzee, gemu la tano. Akafurahi sana.

"Na maka alikuwa nani?"

"Mtu wa kulekule," nikamwambia. "Wa klabu yao."

"Wa kwao, na bado mkashinda 12-10?" Akanyamaza kidogo. "Basi huyo ni maka kweli. Mwambie nimemsalimia."

Nikamuuliza mguu wake unaendeleaje.