Nilivyowaandaa wenzangu wa kikoba tukakaa na watafiti wa tiba ya VVU

Kikundi chetu kinakutana Mbagala kila Jumamosi jioni. Ni kikoba cha kawaida cha kuweka na kukopa, ila wanachama wote tunaishi na VVU na tulijuana kwenye benchi la kliniki. Sista mmoja wa CTC, kliniki yetu ya VVU, ndiye aliyenivuta pembeni akaniambia kuna watafiti wanataka kusikia maoni ya watu wanaotumia dawa, kabla hawajaandika mpango wowote wa utafiti wa tiba ya kuponya VVU kabisa. "Dada, wewe wanakusikiliza, niandalie wenzako." Nikakubali kwa sharti moja: wageni wasije siku ya kwanza. Tuzungumze wenyewe kwanza.

Nawajua wenzangu. Ukimleta mtu mwenye kompyuta na fomu za kusaini, kina mama wataitikia "ndiyo daktari" kwa kila jambo na watapokea nauli. Maoni ya kweli ya Mbagala hutolewa kwenye daladala ya kurudi nyumbani, na mimi nilitaka yatolewe mbele ya wahusika.

Muda niliupanga kwa ujanja: mazungumzo kabla ya sanduku kufunguliwa. Sanduku letu lina kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, na hakuna anayeondoka kabla ya hesabu ya hisa. Walionuna walinuna, lakini walikaa.

Nikawauliza tu nani anakumbuka mwaka 2011. Uwanja mzima ukaitikia. Foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kikombe cha dawa ya Babu kwa shilingi 500, na watu walioacha ARV, dawa zetu za kufubaza VVU, wakiamini wameshapona. Mzee wetu mweka hazina akasema, "Mimi mtu akitaja tiba, kwanza nashika mfuko wangu." Tukacheka, nami hapo nikapata pa kuanzia. Nikawaambia hawa watafiti hawasemi wanayo tiba. Wanasema wanaitafuta, na wanataka kujua sisi tutakubali nini na tutakataa nini.

Kwa nini ARV hazimalizi kazi, nilieleza kwa kunguni. Unapuliza dawa, wanaotembea wanafa, unalala. Waliojichimbia kwenye nyufa za chaga hawaguswi. VVU navyo hujipachika kwenye vinasaba vya chembe za CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, zilizotulia, na ARV huzuia tu virusi vinavyozaliana. Ukiacha dawa, kwa wengi virusi hurudi ndani ya wiki chache. Mama mmoja muuza mihogo akauliza, "Sasa hao wa kwenye chaga wanatolewaje?" Swali hilohilo ndilo linalowaumiza vichwa wataalamu. Wapo wanaojaribu kuviamsha virusi ili viuawe, wapo wanaotaka kuvifungia visiamke kabisa, na wapo wanaotafuta kuipa kinga ya mwili nguvu ya kuvidhibiti bila vidonge.

Kijana wetu wa bodaboda alikuwa amesikia kuna waliopona. Ni kweli wapo. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin, alipandikizwa uboho mwaka 2007 na tena 2008 kwa sababu ya saratani ya damu, na aliyemchangia alikuwa na hitilafu adimu ya kinasaba inayoifunga njia ambayo VVU hupitia kuingia kwenye chembe. Virusi havikurudi. Alifariki 2020, kwa saratani ileile, si kwa UKIMWI. Adam Castillejo wa London alifuata. Lakini upandikizaji huo wenyewe unaweza kuua, ndiyo maana hufanyiwa mwenye saratani tu, na hitilafu ile kwa Waafrika ni nadra mno. Sikutaka mtu aende nyumbani akiota Berlin. Nikawasimulia pia yule mtoto wa Mississippi: 2013 dunia ilishangilia kwamba amepona, 2014 virusi vikaonekana tena. Palikuwa kimya kidogo hapo.

Habari iliyowagusa zaidi ilikuwa ya Umlazi, Durban, Afrika Kusini. Kule wasichana waliosajiliwa kwenye mradi mmoja walikuwa wakihudhuria mafunzo ya stadi za maisha na kazi mara mbili kwa wiki, na kila wakija wanapimwa, ili aliyeambukizwa agundulike mapema sana na aanzishiwe dawa. Baadaye wanawake 20 waliingia kwenye jaribio la kusitisha ARV baada ya kupewa dawa nyingine za kuiamsha kinga. Kwa wengi virusi vilirudi, wachache wakakaa zaidi ya mwaka bila ARV. "Wanawake weusi kama sisi?" aliuliza mmoja. Ndiyo, na ndiyo sababu jaribio lile lina uzito, maana utafiti mwingi wa tiba umefanyika Ulaya na Marekani, kwa wanaume zaidi, na kwa aina ya virusi isiyo ya kawaida huku kwetu.

Baada ya hapo maswali yalimiminika. Binti wa katibu aliyaandika kwenye daftari kama yalivyosemwa, bila kuyasafisha, nami nikampa sista ayafikishe kwa watafiti mapema. Nadhani hatua hii ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Walikuja wameshayasoma, hawakuweza kupiga porojo.

Siku ya mkutano tulikubaliana hakuna kusaini chochote na nauli inatolewa mwanzoni, ili asiyependa aondoke bila kuinama. Swali la kwanza lilikuwa la mama ambaye mumewe hajui hali yake. Yeye kila akitoka kliniki humimina vidonge kwenye mfuko wa kitambaa, kopo analitupa njiani, lisije likalia kabatini kama kayamba. Sasa hivi anachukua dawa za miezi sita kwa mkupuo, haulizwi anakwenda wapi. Utafiti wa kusitisha dawa unataka mtu apimwe damu karibu kila wiki. "Nitamwambia mume wangu nakwenda wapi kila wiki, daktari?" Mtafiti, kijana mstaarabu aliyetuamkia wote shikamoo mmoja mmoja, alikaa kimya, kisha akakiri kwamba kwenye mpango wao hilo halikuwamo.

La pili lilikuwa zito zaidi. Miaka yote tumefundishwa kwamba virusi visipoonekana kwenye kipimo, humwambukizi mwenza. Dawa zikisitishwa virusi vikarudi, ulinzi huo umekwenda. Mwenza atapewa nini? Wakajibu kwamba hupewa dawa kinga, PrEP. Mzee mweka hazina akawabana: na mwenza asiyejua kama kuna utafiti, mtampaje? Pakawa na mvutano, na kusema kweli hawakuwa na jibu la kuridhisha. Mimi msimamo wangu ni kwamba asiyeweza kumshirikisha mwenza wake asiingizwe, ingawa wenzangu kadhaa wanasema hapo nawafungia mlango wanawake ambao ndio wengi kliniki. Bado tunabishana.

Kuna aliyelalamika tunafanywa panya wa majaribio. Nilimkumbusha askari polisi wa jiji hili hili waliojitolea kuanzia 2007 kwenye jaribio la chanjo ya VVU lililoitwa HIVIS, watu 60, wengi wao polisi, wazima wa afya, wakijua chanjo ile huenda isizae kitu. Akasema askari wana bima na mshahara, yeye akiugua genge linafungwa. Hoja hiyo iliandikwa: fidia ya siku za kazi, si soda na biskuti.

Mwisho watafiti waliondoka na daftari letu na sisi tukabaki na nakala. Mambo waliyoahidi kuyarudisha kwetu ni ratiba ya vipimo inayoweza kupunguzwa au kufanyika karibu na nyumbani, utaratibu wa wenza, na nani atagharamia matibabu mtu akidhurika. Tuliwaomba pia majibu yaje kwa Kiswahili cha kawaida, hata kama ni jibu la hapana.

Wanaume walikuwa wachache mno, watatu tu. Kijana wa bodaboda anasema wenzake hawawezi kukaa na kina mama wakazungumzia kondomu, kwa hiyo kikao kijacho kitafanyika kijiweni kwao, saa nne usiku abiria wanapopungua. Atakayekiongoza ni yeye. Mimi nimempa daftari na maelezo ya kunguni.