Kuwa fiti sio kipimo, dada nenda kapime mlango wa kizazi

Jamani wadada, hii habari ya "mimi nakula vizuri, nakimbia kila jumapili, saratani itanipatia wapi" naomba leo tuiongelee, maana kwenye klabu yetu ya joging naisikia kila tukimaliza kukimbia, watu wanakula matikiti wanahesabiana kilo zilizopungua, ukigusia tu kwenda kupima mlango wa kizazi mtu anakujibu mimi niko fiti bwana. Na kweli yuko fiti, mbio ananiacha mbali. Ila ufiti wake hauoneshi kinachoendelea kwenye mlango wa kizazi, hata kidogo.

Mama yangu mdogo alikuwa analima mpunga kule Ifakara. Sigara hajawahi kushika, pombe haijui, mwembamba, shamba anaenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, mboga anachuma mwenyewe. Hedhi ilishakoma siku nyingi, mara damu zikaanza kutoka tena, wenzie wakamwambia hayo mambo ya umri tu, akanywa mitishamba weee, mpaka anafikishwa hospitali ya saratani ya Ocean Road ugonjwa umeshasambaa, mionzi aliyopigwa ilikuwa ya kumpunguzia maumivu tu. Kwahiyo mtu akiniambia lishe bora inatosha namkumbuka yule mama, maana kama ni lishe na mazoezi alikuwa navyo kuliko sisi wote wa mjini.

Iko hivi. Hii saratani ya mlango wa kizazi karibu yote inaletwa na kirusi cha HPV, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndo zinasababisha kama asilimia 70 ya wagonjwa. Kinaambukizwa kwa kujamiiana na wengi wetu tumeshakutana nacho, hata wewe mwenye mume mmoja tangu usichana. Wengi mwili unakiondoa wenyewe ndani ya mwaka au miwili, kwa wachache kinang'ang'ania, na kikishang'ang'ania kinachukua kama miaka 15 mpaka 20 kufika kwenye saratani, na miaka yote hiyo huumwi popote, unakimbia zako kama kawaida. Ndo maana kusubiri dalili ni hatari, damu baada ya tendo, uchafu wenye harufu, maumivu ya nyonga, hivyo mara nyingi vinakuja ukiwa umeshachelewa.

Sasa mtindo wa maisha unaingia wapi? Unaingia hapo kwenye mwili kukiondoa kirusi. Sigara inakisaidia kirusi kibaki, hilo limethibitika. Wenye VVU hatari yao ni kama mara 6 ya wengine na ugonjwa unakimbia zaidi, miaka 5 mpaka 10 tu, kwahiyo kumeza dawa za ARV bila kuruka ni kinga kubwa kwao. Kondomu inapunguza, haimalizi. Na wale wanaoweka ugoro huko chini eti unabana na unasafisha, nawaomba kwa upendo wote muache, ile ni tumbaku.

Na wauzaji wa dawa za kusafisha kizazi huko Instagram wananiumiza roho kabisa. Mtu ana damu inatoka anauziwa chupa anaambiwa atumie miezi mitatu, hiyo miezi mitatu angekuwa ameshapimwa na kutibiwa. Hakuna juisi wala mvuke unaoondoa HPV.

Kuna saratani nyingine mtindo wa maisha ndo silaha yenyewe. Ya koo la chakula kwa mfano, huku Afrika Mashariki ipo sana na haina kipimo cha kawaida cha kumpima mtu mzima asiye na dalili, kwahiyo pale ni kuacha sigara na pombe kali, na chai ipoe kidogo kwanza, vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 vilishatajwa tangu 2016 kwamba huenda vinaleta saratani hiyo. Ila hii ya mlango wa kizazi ina kipimo, na ndo inaongoza kwa wanawake Tanzania, inauma sana.

Kipimo chenyewe basi. Unalala chali, nesi anaingiza kile kifaa cha mdomo wa bata, kina ubaridi na kinabana kidogo, anapaka siki kwa pamba kwenye mlango wa kizazi anasubiri kama dakika moja, sehemu yenye shida inageuka nyeupe. Basi. Majibu hapo hapo, na wakikuta kidoa mara nyingi wanakitibu siku hiyo hiyo kwa kugandisha kwa baridi kali au kuunguza kwa kifaa cha joto, kabla hakijawa saratani. Ukiwa safi unarudi baada ya miaka 3, mwenye VVU wanamwita mapema zaidi. Umri wa kuanza ni 30, mwenye VVU 25.

Chanjo ya HPV kwetu ilianza nchi nzima 2018 kwa mabinti wa miaka 14, 2024 ikawa dozi moja, ikatolewa kwa wa miaka 9 mpaka 14. Wakubwa wote sisi imetupita, kwetu ni kupima tu, na hao mabinti pia wakikua watapima kwasababu chanjo haizuii aina zote.

Nenda siku ambayo huna hedhi, usijioshe kwa ndani kabla, usifanye tendo usiku wa kuamkia siku hiyo, vaa gauni au beba kanga. Na ukikuta mhudumu ni mwanaume na wewe hutaki, sema tu bila aibu, utasubiri nesi wa kike au utapangiwa siku nyingine.