Bereshit, na babu wa Mikindani

Yaani toka mdogo najua kitabu cha kwanza cha Biblia kinaitwa Mwanzo na sikuwahi kujiuliza nani kakipa hilo jina. Juzi jioni nimekaa barazani kwa babu jirani yetu hapa Mikindani, mzee wa Kiislamu kasomesha madrasa miaka na miaka, namwambia babu leo nimesoma kumbe Wayahudi hicho kitabu wanakiita Bereshit, kisa ndo neno linalokifungua. Wala hakushangaa. "Sasa mjukuu wangu, na sie si tunasema Yasini, tunasema Twaha? Sura hizo zinavyoanza ndo majina yake." Nikabaki kimya.

Na vitabu vyote vitano vya Torati viko hivyohivyo, jina linaokotwa pale mwanzoni mwanzoni. Kutoka wao ni Shemot, Majina. Hesabu ni Bamidbar, Jangwani, na hili mie nalipenda zaidi maana safari karibu yote ile ni jangwa tupu, kuhesabu watu ni sehemu tu. Genesis ya Wazungu imetokea kwenye tafsiri ya Kigiriki, ni kama kusema asili, chimbuko.

Ila Bereshit! Hiyo be ya mbele ni "katika", reshit ni mwanzo, halafu ndani ya reshit kuna rosh, kichwa. Kufika hapo babu akadakia, "Ra's hiyo!" Kiarabu nacho kichwa ni ra's, lugha hizi ndugu, na sisi watu wa pwani neno tulishalichukua zamani tunalo mdomoni kila siku, ndo hii rasi, nchi ilipochomoza kichwa baharini, ndo rasilimali, kichwa cha mali, mtaji wenyewe. Babu anaongea huku ananionyesha baharini kwa kidevu.

Kilichonishika hasa ni kwamba reshit ni limbuko pia. Hapo nikamuona bibi yangu kule Masasi, korosho zikianza kudondoka zile za kwanza haziuzwi hata mnunuzi aje mpaka mlangoni, anakaa chini anazifuta mchanga moja moja, anazifunga kwenye kipande cha kanga, Jumapili anakwenda kuziweka mbele madhabahuni kwa mikono miwili. Sisemi ndo tafsiri ya ule mstari wa kwanza wa Mwanzo, hapana, lakini tangu juzi nikiusoma naziona mbingu na nchi zimeshikwa vile, kwa mikono miwili.

Halafu nikamwambia babu kwa Kiebrania mstari wa kwanza una maneno 7. Akauliza na wenu wa Kiswahili je? Nikaanza kukunja vidole: Hapo, mwanzo, Mungu, aliziumba, mbingu, na, nchi. Akanitazama, "Hebu hesabu tena."

Saba.