Nilivyojifunza kupita na pikipiki kwenye mchanga wa Tandahimba

Ukiuliza mjini Mtwara namna ya kupita na pikipiki kwenye mchanga mzito, kila mtu ana jibu, na karibu wote watakujibu hivi: jaza upepo tairi ziwe ngumu, tia gia ya kwanza, teremsha miguu utambae nayo, kaza usukani usiuachie. Niliambiwa hayo na watu wazima wenye leseni zao, nikayafuata yote, na nusura niombe uhamisho. Naandika kwa sababu kila mwaka wanakuja huku walimu, wauguzi na maafisa ugani wapya, wengi wao mabinti ambao hawajawahi kukutana na mchanga wa namna hii, na bado wanapewa ushauri uleule.

Mimi ni bibi shamba. Pikipiki nilijifunzia Tukuyu, kwenye vilima na matope, kwa hiyo nilipopangiwa Tandahimba sikuwa na wasiwasi. Wakati ule lami kutoka Mtwara iliishia Mnivata, na baada ya hapo barabara kubwa ilikuwa ya vumbi lakini inapitika. Taabu iko kwenye njia za ndani, zile zinazokata mashamba ya mikorosho kuelekea Kitama, Michenjele na vijiji vya pembeni. Juu ya Uwanda wa Makonde ardhi ni mchanga tupu. Mvua ikinyesha maji yanazama yote, ndiyo maana watu wa huku tangu enzi za mababu wamekuwa wakifuata maji mbali, mabondeni. Hakuna jiwe wala changarawe ya tairi kushikia. Halafu msimu wa korosho, Oktoba mpaka Desemba, malori yanayobeba magunia kutoka maghala ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, yanachimba mifereji miwili sambamba, na ndani ya mifereji hiyo mguu unazama mpaka juu ya kifundo. Malori yakiondoka, mifereji inabaki.

Kazi yangu kubwa ni Juni na Julai, mikorosho inapochipua na kutoa maua. Hapo ndipo ubwiri unga unapoingia, ugonjwa wa ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajawa korosho. Dawa yake ya siku nyingi ni salfa ya unga. Salfa hupulizwa alfajiri, upepo umetulia na majani yana umande, ili unga ushike. Jua likishapanda, unaurusha hewani tu. Kwa hiyo bibi shamba anayefika saa tatu hajafika.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita nilitakiwa shamba darasa kabla hakujapambazuka vizuri. Nilijaza upepo tairi ya nyuma mpaka ikawa inalia ukiigonga. Mfuko wa salfa, kilo 25, nilielekezwa niufunge juu ya keria, nyuma kabisa, eti uikandamize tairi. Nikaondoka taa inawaka. Njia ngumu niliimaliza vizuri. Nilipoingia kwenye mchanga nikafanya kama nilivyofundishwa: gia ya kwanza, miguu chini, mikono imekaza. Tairi ile ngumu ikaanza kuukata mchanga badala ya kupanda juu yake. Gurudumu la mbele linakwenda kushoto, narudisha kulia kwa nguvu, linakwenda kulia kuliko nilivyotaka, na kila nikipunguza mwendo linazama zaidi. Nikaangukia kulia. Nikainua. Sikwenda mbali, nikaangukia kushoto. Ule mfuko wa juu ndio uliokuwa ukinimaliza: pikipiki ikiinama kidogo tu, zile kilo 25 zinamalizia kazi.

Kisha ikanasa kabisa. Nilivuta mafuta, tairi ya nyuma ikazunguka palepale ikichimba, mchanga unanirukia mgongoni, mpaka sproketi ikafukiwa na tumbo la injini likakaa juu ya mchanga. Pikipiki ikasimama yenyewe bila stendi. Klachi inanuka. Nikavuta usukani, nikasukuma kwa nyuma, nikafukua kwa mikono, lakini mchanga mkavu ukiutoa huku unamiminika kutoka kule. Mashariki kunaanza kuwa kweupe, na najua wakulima wamekwisha fika na mashine ya kupulizia.

Akatokea mzee na baiskeli. Madumu ya maji yamening'inia chini, pande zote mbili, na anapita mlemle nilimozama mimi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Hapo hutoki kwa kuvuta.”

Akaiegemeza baiskeli kwenye mkorosho, akaja kubonyeza tairi langu kwa dole gumba. Halikubonyea. Akarudi kubonyeza la baiskeli yake, dole likaingia. “Mchanga hautaki tairi lililoshiba,” akasema. “Hili umelijaza uende nalo wapi?”

Alichonionyesha asubuhi ile nimekitumia mara nyingi mno, na sijawahi tena kufukua kwa mikono. Kwanza unashusha mzigo. Unafunga koki ya mafuta, maana utakapoilaza pikipiki petroli itamwagika kwenye kabureta. Unaizima, halafu unailaza chini kabisa, kwa upande usio na ekzosi ili usiungue. Ukiilaza, tairi ya nyuma inatoka yenyewe shimoni. Unasukuma mchanga kwa miguu kulijaza lile shimo, unaukanyaga, ndipo unaiinua pikipiki na kuiegesha pembeni ya pale iliponasa. Hakuna mahali ulipoinyanyua kwa nguvu ya mgongo. Mzee akatoa gunia tupu alilolikunja kwenye keria, akalitandaza kwa urefu mbele ya tairi ya nyuma. Tukapunguza upepo. Akaniambia nisipande: nitembee ubavuni, gia ya kwanza, nivute mafuta kidogo sana. Tairi ikalipanda gunia, ikashika, ikatoka. Nilitembea nayo hivyo mpaka mchanga ulipopungua, mzee kanibebea salfa yangu kwenye baiskeli yenye maji.

Siku ile hatukupuliza. Umande ulikuwa umekauka na upepo umeshaanza. Wakulima hawakunilaumu, lakini niliumia, kwa sababu miti ile ilikuwa imejaa maua.

Jioni yake nilimtafuta kijana mmoja anayebeba korosho kwa Boxer, gunia zima nyuma na anapita kwenye mchanga anaimba. Nikamlipia mafuta, chai na chapati, akanifundisha jioni baada ya jioni kwenye uwanja wa mpira ambao ni mchanga mwanzo mwisho. Alikuwa anasimama katikati na kupiga kelele: “Dada, simama! Angalia mbali!” Na kweli, karibu yote yamo humo.

Simama juu ya vikanyagio, magoti yabane tanki, makalio yarudi nyuma. Ukikaa, pikipiki inakuyumbisha. Ukisimama inayumba chini yako na wewe umetulia. Macho yatazame mbele kabisa, pale unapotaka kufika. Ukiliangalia gurudumu la mbele, umeanguka. Usukani ushike kwa vidole, uuache ucheze. Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote, kwa sababu mwili unataka kukaza. Gurudumu la mbele kwenye mchanga lazima litikisike, na likitikisika sana dawa yake ni kuongeza mafuta kidogo ili liwe jepesi na kupanda juu. Kupunguza mafuta ghafla ndiko kunakolizamisha na kukurusha. Ondoka taratibu kwa gia ya kwanza, tairi isizunguke bure, kisha weka ya pili mapema na ubaki nayo. Sehemu ndefu zilizonyooka, ya tatu. Breki ya mbele isahau kabisa. Ukitaka kusimama kata mafuta, mchanga wenyewe utakusimamisha, na chagua pa kusimama: chini ya mkorosho penye majani makavu, au kwenye mteremko, kamwe si katikati ya kilima.

Kona unaikata kwa kukandamiza kikanyagio cha upande unaoendea na kuinamisha kiuno. Mikono inafuata tu. Kwenye mifereji ya malori chagua mmoja ukae nao. Tuta la katikati linavutia, lakini ukijaribu kuhama kwa pembe ndogo tairi la mbele litakurusha. Kama ni lazima uhame, ukate kwa pembe kubwa na mafuta yakiwa yamefunguliwa.

Kuhusu upepo, hapa ndipo ninapokasirika. Pikipiki yangu ya cc 125, kwenye lami naipa kama psi (kipimo cha upepo wa tairi) 25 mbele na 30 hivi nyuma. Mchangani nashusha mpaka 15 mbele na 18 nyuma, na nikiwa na mzigo nyuma haipungui 20. Tairi inapanuka, inakanyaga eneo kubwa, inaelea. Nimeona video za Kanada, watu wanapita na pikipiki za theluji nje ya njia, theluji imefika kiunoni. Zile nyuma zina mkanda mpana wa mpira na mbele zina ski mbili, vibao virefu vya kutelezea, uzito unatandazwa chombo kisizame. Nao wanaendesha wamesimama, wanageuza kwa mwili, na hawasimami kwenye mwinuko. Sheria ni ileile ya uzito kutandazwa, na mtu anayekuambia ujaze tairi anakuelekeza kinyume chake.

Upepo ukishuka sana kuna hatari mbili. Rimu inaweza kugonga mzizi wa mkorosho na kupinda, na tairi inaweza kuteleza juu ya rimu ikaburuta tyubu na kukata mdomo wa kujazia upepo. Kwa hilo la pili, legeza ile nati ndogo iliyobana mdomo wa tyubu kwenye rimu, ipandishe mpaka juu kwenye kifuniko. Siku utakayokuta mdomo umelala upande, tairi imeanza kuteleza: toa upepo wote, ulinyooshe, ujaze upya. Nati ikiwa imebana, hutaona dalili yoyote, utasikia tu pancha.

Mzigo niligawa. Salfa sasa naihamishia kwenye mifuko miwili midogo, moja kila upande, imening'inia chini usawa wa ekseli kama yale madumu ya mzee, na nahakikisha iko mbali na ekzosi kwa sababu salfa inashika moto. Gunia tupu halitoki kwenye keria yangu.

Saa nazo zina maana. Alfajiri mchanga una unyevu wa umande, unashikana, na njia inayokutesa saa saba mchana unaipita bila kufikiri. Baada ya mvua ni raha zaidi. Kumbe haraka ya kuuwahi umande kwa ajili ya salfa ndiyo hiyohiyo inayonipa njia nzuri. Kurudi ndiko kugumu, na kurudi sina haraka, nakaa kwa wakulima mpaka jua lipungue.

Wapo wenzangu walioniambia mwanamke hana nguvu za mchanga. Kijana aliyenifundisha ana mwili mdogo kuliko wangu. Nguvu zinamwisha anayekaza mikono. Nimepeleka pikipiki hii Newala mpaka Shimo la Mungu kwa njia za ndani, nikasimama pale ukingoni nikaliona bonde la Ruvuma, na mikono haikuuma. Msimu uliofuata nilifika shamba darasa lilelile kukiwa bado na giza, tukapuliza umande ukiwa mzito, na wakulima walipovuna nilikuwepo ghalani magunia yao yakipimwa. Siwezi kueleza furaha ile.

Vaa buti ngumu zinazofunika kifundo, hata kama ni joto. Pikipiki ikikulalia mchangani haivunji mguu mara nyingi, lakini ekzosi inaunguza, na wenye makovu ya ndala huku ni wengi. Sponji ya filta ioshe kila wiki kiangazi, kwa petroli au maji ya sabuni, ikauke, uipake oili kidogo na kuikamua. Usipofanya hivyo vumbi litakula pistoni, na hapo ni laki na zaidi kwa fundi. Cheni usiimwagie oili chafu ya injini kama wanavyofanya wengi. Oili inakamata mchanga, mchanga unasaga meno ya sproketi. Mimi naifuta kwa tambara, naipaka kidogo sana jioni, naifuta tena asubuhi.

Na nunua pampu yako ya mguu na geji ya kupimia upepo. Vyote viwili havikunifikisha elfu thelathini. Geji ni ya lazima, maana kidole cha mzee kina uzoefu wa maisha yake yote na changu hakina. Pampu ni ya kurudia: ukifika kwenye lami simama, jaza upepo mpaka kiwango chake, ndipo uendelee na safari. Tairi laini kwenye lami kwa mwendo wa 60 au 70 linapata joto, linayumba kwenye kona, na ukifunga breki ya ghafla halikutii. Usiseme utajaza Mtwara. Jaza palepale mchanga unapoishia, hata kama jua ni kali na daladala zinakupita.